Wageni Wasiopiga Hodi: Maisha ya Robert Koch, kutoka Clausthal hadi Ziwa Viktoria

Kama umewahi kusoma mikrobiolojia hata kwa muhula mmoja, jina la Robert Koch unalijua. Zipo zile kanuni zake nne za kuthibitisha kwamba kijidudu fulani ndicho kinacholeta ugonjwa fulani. Wengi wetu tulizikariri, tukazimwaga kwenye mtihani, tukasonga mbele. Ambacho slaidi za mhadhiri hazikutuambia ni kwamba huyu mzee alifanya kazi hapa hapa nchini, kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu Kiziba ulifika mezani kwake Dar es Salaam, na kwamba karibu na mwisho wa maisha yake aliweka kambi kwenye visiwa vya Sese, kaskazini tu mwa Bukoba yetu. Nimeamua kuandika habari zake kwa sababu sisi wa Kagera tuna haki ya kumjua vizuri, mema yake na mabaya yake. Halafu kuna sababu nyingine: ukifuata maisha yake hatua kwa hatua, utaelewa jambo moja kubwa la baiolojia ambalo yeye mwenyewe alikufa bila kulielewa. Jambo lenyewe ni namna kimelea kinavyoingia ndani ya seli na kujifanya mwenye nyumba.

Mtoto wa machimboni

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani, mji wa wachimba madini. Baba yake alikuwa ofisa wa migodi na nyumba ilikuwa na watoto wengi, 13 kwa jumla. Alijifunza kusoma akiwa bado mdogo sana kwa kutumia magazeti, kabla hata ya kupelekwa shule. Mwaka 1862 akaingia Chuo Kikuu cha Göttingen, akahitimu udaktari mwaka 1866. Hapo alifundishwa na Jacob Henle, mwalimu aliyekuwa ameandika kwamba magonjwa ya kuambukiza huletwa na viumbe hai vidogo, wakati wakubwa wengi wa tiba bado wakilaumu hewa mbaya. Wanaosoma ualimu wenzangu, hapo tuweke alama. Mbegu iliyopandwa darasani ilikaa miaka kumi ndipo ikaota.

Baada ya kuoa na kuhangaika na ajira huku na huku, na baada ya kutumikia kama daktari katika vita vya Ujerumani na Ufaransa, mwaka 1872 akapata kazi ya daktari wa wilaya huko Wollstein, mji ambao leo uko Poland. Ilikuwa kazi ya kijijini hasa: kuzalisha, kufunga majeraha, kukagua maiti. Hakuwa na maabara. Alikuwa na hadubini, kona ya chumba alichopokelea wagonjwa, na panya wa kufanyia majaribio. Sindano nzuri hakuwa nayo, kwa hiyo alitumia vijiti vilivyochongwa kuwachanja panya damu ya mifugo iliyokufa kwa kimeta. Akaona vijidudu vya kimeta vikikua, vikitengeneza mbegu ngumu zinazoweza kukaa ardhini muda mrefu, kisha vikiamka tena vikipata mwili. Mwaka 1876 akaenda Breslau kumwonyesha profesa Ferdinand Cohn. Dunia ya sayansi ikageuza shingo kumtazama daktari wa kijijini.

Nilipokuwa field katika sekondari moja wilayani Muleba, shule haikuwa na hadubini inayofanya kazi. Wanafunzi walichora seli kutoka ubaoni: duara, kiini katikati, mitokondria mbili kama maharage, basi. Habari ya Wollstein niliwasimulia, nao walisikiliza kuliko walivyosikiliza somo lenyewe.

Siku ya kifua kikuu

Mwaka 1880 Koch aliitwa Berlin. Hapo ndipo mambo yakachanganya. Akaanza kuotesha vijidudu juu ya vipande vya viazi vilivyochemshwa, baadaye juu ya agari, wazo lililotoka kwa Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, aliyekuwa akiijua agari kutoka jikoni. Mwanamama huyu hatajwi sana, ila kila sahani ya maabara duniani ina deni kwake.

Jioni ya tarehe 24 Machi 1882 Koch alisimama mbele ya wanasayansi wa Berlin na kueleza kwamba amekipata kijidudu cha kifua kikuu. Wakati huo ugonjwa huu ulihesabiwa kuua mtu mmoja katika kila vifo saba. Kijidudu chenyewe kina ganda la nta linalokataa rangi, kwa hiyo alilazimika kubuni njia mpya ya kukitia rangi ndipo kikaonekana kikiwa na rangi ya buluu. Kwenye maelezo yake akataja pia kwamba vijidudu vingine vilikuwa ndani ya seli kubwa za mwili.

Ndani ya seli. Koch aliliona, akaliandika, akapita. Hangeweza kufanya zaidi, maana kwa hadubini za wakati ule seli ilionekana kama mfuko wenye kiini. Leo tunajua nini kinaendelea humo, na ni hadithi ya kushangaza.

Fikiria seli kama nyumba ya msonge. Kiini ni chumba cha mwenye nyumba. Mitokondria ni jiko, ndiko nguvu zinakotoka. Kuna mtandao wa vyumba vya kutengenezea protini. Kuna nyuzi nyembamba ngumu zinazoshikilia umbo, mithili ya fito za msonge, ambazo pia ni njia za kusafirishia mizigo. Halafu kuna laisosomu, vifuko vyenye tindikali na vimeng'enya vya kuyeyushia kila kilichochakaa au kisichotakiwa. Laisosomu zilikuja kutambuliwa na Christian de Duve katika miaka ya 1950, Koch akiwa kaburini zaidi ya miaka 40.

Seli nyeupe iitwayo makrofaji kazi yake ni kumeza adui. Ikimmeza, inamfunga ndani ya kifuko, kisha kifuko kinasukumwa hadi kikutane na laisosomu. Vikiungana, tindikali inamwagika na adui anayeyuka. Ndiyo mwisho wa bakteria wengi. Sasa, kijidudu cha kifua kikuu kinakubali kumezwa. Kikishafika ndani kinavuruga zile ishara za protini zinazokiambia kifuko kwamba umefika wakati wa kukomaa. Kifuko kinabaki kichanga, tindikali haipandi inavyotakiwa, laisosomu inapita pembeni kama jirani asiyealikwa. Mgeni aliyeletwa kuchinjwa anageuka mpangaji, na wakati mwingine anatoboa ukuta wa kifuko na kufikia mambo ya ndani zaidi ya seli.

Hapo ndipo unapata jibu la swali ambalo wagonjwa wengi hujiuliza: kwa nini dawa za kifua kikuu ni miezi sita wakati za vidonda vya koo ni siku tano? Kwa sababu huyu anajificha ndani ya askari wenyewe, tena akiwa amelala. Ukiacha dozi kwa kuwa kikohozi kimetulia, umewaondoa waliokuwa uani tu. Waliomo chumbani bado wapo.

Koch mwenyewe alidanganywa na jambo hili. Mwaka 1890 alitangaza kwamba amepata dawa ya kifua kikuu, akaiita tuberkulini. Wagonjwa walimiminika Berlin. Dawa haikuponya, na wengine ilizidi kuwaumiza. Alikuwa ameharakisha, tena alificha namna ilivyotengenezwa. Tuberkulini ikaja kubaki kama kipimo cha ngozi, wala si tiba. Jina lake lilichafuka, ndoa yake nayo ikavunjika. Mwaka 1893 akamwoa Hedwig Freiberg, binti mdogo kwake kwa karibu miaka 30, na watu wa Berlin wakapata la kusema. Baada ya hapo utamwona zaidi safarini kuliko nyumbani.

Rubunga ya Kiziba

Mwaka 1896 alikuwa Afrika Kusini akishughulikia sotoka, ile iliyofyeka ng'ombe wa Afrika nzima wakiwemo wa kwetu. Mwaka 1897 akapitia India kwenye tauni, kisha akashuka Dar es Salaam, makao ya serikali ya Kijerumani, akakaa hadi mwaka 1898.

Wakati huo Kiziba, upande wa kaskazini wa Bukoba, kulikuwa na maradhi yaliyoitwa rubunga: homa kali, uvimbe wa tezi, na kifo baada ya siku chache. Daktari wa Kijerumani, Zupitza, alipelekwa huko kuchunguza, na sampuli zikafika kwa Koch. Akathibitisha kwamba ni tauni, ile ile aliyotoka kuiona Bombay. Lakini tusisahau kwamba Waziba walikuwa na elimu yao tayari. Walikuwa wanajua kwamba panya wakianza kufa ndani ya nyumba, ugonjwa uko njiani, hivyo watu wanahama. Wataalamu wa Ulaya ndio kwanza walikuwa wanaanza kubishana kama panya wanahusika. Bibi zetu hawakuhitaji hadubini kulijua hilo.

Na tauni nayo, katika saa zake za mwanzo, huweza kuishi ndani ya makrofaji. Tabia hiyo hiyo.

Ng'ombe wa pwani

Dar es Salaam ndiko Koch alikokutana na kitu ambacho nakiona ni sehemu tamu kuliko zote za maisha yake. Akiangalia damu ya ng'ombe wa pwani, aliona ndani ya chembe nyekundu vidude vidogo sana, vingine kama pete, vingine kama vijiti. Akaamua kwamba ni watoto wa kimelea cha ugonjwa mwingine uliokuwa ukijulikana Marekani. Alikosea. Alikuwa ameona kimelea kipya kabisa, kile cha ndigana kali.

Miaka michache baadaye ndigana kali ikaingia Rhodesia, Zimbabwe ya leo, pamoja na ng'ombe walioletwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki kujaza nafasi ya waliokufa kwa sotoka. Mwaka 1903 Koch akaitwa Bulawayo. Safari hii akatambua kwamba ni ugonjwa wa peke yake, na ndani ya seli nyeupe za tezi akaona madoa ya buluu ambayo mpaka leo madaktari wa mifugo huyaita kwa jina lake. Akapendekeza ng'ombe wazima wachomwe damu ya ng'ombe waliopona, mara kwa mara, wapate kinga. Haikufanya kazi. Wengine, akiwemo Arnold Theiler wa Afrika Kusini, ndio waliofafanua kimelea na kupe wa masikio wanaokieneza. Kimelea kikaitwa Theileria parva, na Koch akabaki na madoa yake.

Kwa nini damu haikutosha? Jibu liko kwenye yale madoa. Kupe anapomuuma ng'ombe, kimelea kinaingia kwenye limfosaiti, seli nyeupe za kinga. Kikishaingia, ndani ya muda mfupi kinayeyusha utando uliokifunga na kukaa huru katikati ya seli. Hakuna kifuko, kwa hiyo laisosomu haina cha kuungana nacho. Kisha kinajizungushia zile fito za seli yenyewe. Kinaigeuza akili ya seli ianze kugawanyika bila kukoma, kama seli ya saratani. Na seli inapogawanyika, inatandaza nyuzi za kuvuta kromosomu huku na huku. Kimelea kinajibandika kwenye nyuzi hizo hizo, kinavutwa pande mbili, na kila seli mpya inazaliwa ikiwa na fungu lake la kimelea. Hakihitaji kutoka wala kutafuta nyumba nyingine. Nyumba ikijengwa upya, yumo.

Ndiyo maana tezi za chini ya sikio huvimba, na ng'ombe hufa mapafu yakijaa maji. Vile vijiti vya kwenye chembe nyekundu ni hatua ya baadaye, inayosubiri kunyonywa na kupe mwingine. Kumchoma ng'ombe damu hiyo ni kumwonyesha kivuli cha mwizi, mwizi mwenyewe hajamwona. Chanjo iliyokuja kufanikiwa, iliyotengenezwa Muguga nchini Kenya, inampa ng'ombe vimelea hai vya kutoka kwa kupe pamoja na dawa ya kuvidhibiti kwa wakati mmoja. Na kuna dawa ya buparvaquone ambayo inakwenda kuzima jiko la kimelea, mitokondria yake. Kimelea kikifa, seli iliyokuwa ikizaana kama saratani inaacha.

Kwa mtu wa Muleba hii si nadharia. Kibanja bila samadi ni migomba iliyokonda. Ng'ombe mmoja akifa kwa ndigana, inayumba ndizi, unayumba mbuni, na ada ya mtoto aliye chuoni inayumba pia. Wapo humu chuoni wanaonielewa.

Homa na ini

Malaria nayo aliifuatilia Dar es Salaam, kisha Italia, Java na New Guinea. Aligundua kwamba mahali penye malaria nyingi watoto ndio wanaobeba vimelea zaidi, wakati watu wazima wamejijengea kinga. Ni jambo tunalolitumia hadi leo kupanga nani apewe kinga kwanza. Ila hakujua kimelea kinakojificha kabla ya kuingia kwenye damu. Kinajificha kwenye ini, ndani ya seli moja, kwenye kifuko chake, kikisogea karibu na kiini na kujinyonyea chakula cha seli hadi kinazaa maelfu. Hilo lilithibitishwa mwaka 1948 na Shortt na Garnham. Garnham alikuwa amefanya kazi Kenya, na dalili muhimu aliipata kwenye ini la nyani wa huko, katika kimelea kilichokuwa kimepewa jina la Koch. Mzee alikuwa amekiona kwenye damu tu.

Wilaya ya Muleba yenyewe imeingia kwenye historia hii. Utafiti uliofanyika huko na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba vyandarua vilivyoongezewa kemikali ya PBO huwakinga watoto kuliko vya kawaida, na matokeo yake yalisaidia Shirika la Afya Duniani kuvipendekeza. Upande wa pili, watafiti wameripoti Karagwe vimelea vyenye mabadiliko ya jeni yanayovifanya vichelewe kufa kwa artemisinini. Vita bado.

Sese na Kigarama

Mwaka 1905 Koch akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya kifua kikuu. Angeweza kutulia. Mwaka 1906 akarudi, safari hii kwa ajili ya malale, ugonjwa uliokuwa umeua zaidi ya watu 200,000 upande wa Uganda. Akapiga kambi Bugala, visiwa vya Sese, na mke wake akiwa safarini pamoja naye kwa sehemu.

Kimelea cha malale kinatofautiana na hao wote: hakiingii ndani ya seli. Kinaogelea nje, kwenye damu, kikibadilisha koti kila kinga inapokizoea. Koch alitumia atoxyl, dawa yenye arseniki. Mwanzoni wagonjwa walionekana kupata nafuu. Akaongeza dozi. Watu zaidi ya 20 wakapofuka, upofu usiopona, na ugonjwa ukawarudia wengi.

Hakuishia hapo. Alishauri wagonjwa watenganishwe kwenye kambi. Kiziba, ambako vijana walikuwa wakivuka kwenda kutafuta kazi Uganda na kurudi na maradhi, kambi ikaanzishwa Kigarama chini ya daktari Kudicke wa tume yake, kwa ushirikiano wa Mukama Mutahangarwa. Watu walipapaswa shingo kutafuta tezi zilizovimba. Mwanzoni wengi walikwenda kwa hiari wakitafuta dawa. Walipoona sindano zinaumiza na ndugu hawaponi, wakaanza kuondoka. Kwenye ripoti wakaandikwa kama wakaidi. Mimi nawaona kama watu waliopima matokeo wakaamua.

Naandika hili kwa makusudi. Machi 2023, Marburg ilipotangazwa Bukoba Vijijini, ilizuka minong'ono mingi, na wapo waliowalaumu wanavijiji kwa kuogopa. Kabla hujamlaumu mtu kwa kuwaogopa wenye makoti meupe, uliza kwanza alifanyiwa nini babu yake. Kuaminiana nako ni kinga, na hujengwa polepole kuliko maabara.

Koch aliondoka mwaka 1907. Alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910 kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa kwenye taasisi yenye jina lake Berlin. Wale waliopofuka Sese na waliozikwa Kigarama hawana sanamu.

Kwa walimu watarajiwa

Nimemweka Koch hapa kama alivyokuwa: daktari wa kijijini mwenye subira ya ajabu, na mtu mkubwa aliyesahau subira hiyo alipofika kwa watu asioona ulazima wa kuwaomba ruhusa. Yote mawili yanafaa darasani. Ukiwafundisha vijana wa Muleba seli kama mchoro wa maharage na duara, wataisahau. Waambie kuna mgeni anayezuia tindikali isimfikie, mwingine anayekunja fito za nyumba awe nazo yeye, mwingine anayelala ini zima bila mtu kujua. Hawatasahau, na siku moja mmoja wao atauliza swali ambalo Koch hakulijibu.

Na wewe unayekohoa hapo hosteli wiki ya tatu sasa, ukinywa tangawizi na kusema ni vumbi la Rwamishenye: kipimo ni bure, dawa ni bure. Nenda kapime. Na ukianza dozi, imalize.